Vumbi la msasa halitoki kwa pangaboi

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Nina karakana ya milango huku Mwanakwerekwe. Mapangaboi mawili yanazunguka kutwa na madirisha yako wazi, lakini vumbi la msasa limetanda. Kijana wangu mmoja anakohoa. Akipumzika siku mbili tatu hupata nafuu, akirudi kazini kifua humbana. Nataka kununua feni kubwa ya ukutani. Niifunge wapi?
Fundi, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Feni usinunue bado, tuanze na kijana. Kupata nafuu nyumbani na kubanwa akirudi kazini ni dalili ya pumu inayotokana na kazi. Mtoe kwenye msasa leo hii, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kuwa anapiga msasa mvule au mninga. Akisema "nakohoa" tu, atarudi na dawa ya mafua. Mwili ukishalikataa vumbi hilo, hata kidogo humtibua.

Pangaboi halitoi vumbi, linalizungusha. Feni ya ukutani nayo hulivuta likiwa limeshapita puani mwa kila aliyesimama njiani. Vumbi linaswe pale pale linapotoka. Fedha yako itie kwenye mtambo wa kunyonyea: feni ya kizimba cha duara (ile inayovuta hewa kupitia bomba, si ya ukutani), bomba na mfuko.

Mdomo wa bomba usogeze karibu sana. Feni hupuliza mbali, lakini kunyonya hainyonyi mbali: bomba la upana wa sentimita 10, ukilitenga sentimita 10 tu na msasa, kasi ya hewa inayobaki pale ni kama sehemu moja ya kumi. Bomba liwe la bati, fupi, lenye kona chache. Ndani yake hewa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde, la sivyo unga utatua na kuziba.

Kisha lijaribu. Zima mashine ya msasa na mapangaboi, fagia maranda yote, washa kijiti cha udi ukishike pale msasa unapogusa ubao, halafu washa feni ya bomba. Moshi wote ukiingia mdomoni mwa bomba, umepatia. Ukipinda kuelekea usoni mwa fundi, hamisha mdomo, au yeye abadilishe upande. Washa pangaboi uone linavyouvuruga moshi ule. Nina hakika utalizima mwenyewe.

Usiseme ni gharama, fundi. Tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani, hasa ya pua. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, inambebesha mwajiri jukumu hili. Barakoa za kitambaa hazizuii unga ule mwembamba.

Mfuko uweke nje, mbali na dirisha la jirani, umwagwe kila jioni kwa kuhofia moto. Na vijana waache kujipuliza nguo kwa kompresa wakitoka kazini. Wajifute kwa kitambaa kibichi.