Miji mitano na mtoto mdogo: punguzeni

Dada, umesema mnapanga kuzunguka miji mitano ya Ulaya kwa siku 12 na mtoto anayekaribia miaka miwili; ni mingi mno. Kila mkihama, nusu siku imekwenda: kufungasha, kutoka hotelini, kusubiri chumba kipya, na usingizi wake wa mchana umeshaharibika. Bakizeni Amsterdam, Paris na Lyon. Amsterdam hadi Paris kwa treni ni kama saa tatu na nusu, Paris hadi Lyon saa mbili. Kateni tiketi za muda ambao kwa kawaida analala.

Paris ndipo kigari cha mtoto kinapotesa. Vituo vingi vya metro (treni za chini ya ardhi) havina lifti, ni ngazi tupu. Pandeni mabasi, na mbebe kigari chepesi cha kukunja pamoja na mbeleko.

Viza ya Schengen (viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya) ombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwenu ni Ufaransa. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi ada, ila anahitaji fomu yake na bima ya angalau yuro 30,000. Na tafadhali angalieni tarehe ya kurudi: akitimiza miaka miwili mkiwa huko, mashirika ya ndege hutaka alipiwe kiti chake.