Jibu: Najitoa kwa Mungu, asubuhi hofu inarudi

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Unasema umemkabidhi Mungu kila kitu, lakini suala la kazi bado linakukosesha usingizi.

Angalia kwanza: umewahi kuitaja hiyo kazi kwenye maombi? “Nakupa yote” ni sala pana mno, lile moja linalokuogopesha linajificha humo. Hofu nayo isikutishe. Kule Gethsemane Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akayaachia mapenzi ya Baba, na akarudia sala ileile mara tatu (Mathayo 26). Mimi hurudia sala ya kujitoa kila asubuhi, kisha natii lile ninalolijua tayari: kusamehe, kulipa deni. Akitokea mtu kudai kujitoa ni kumpa yeye mali yako, mkimbie.