Kwa katibu mpya wa tawi: siku jina la mgombea litakapowagawa

Umekabidhiwa muhuri na daftari la wanachama. Hongera, kamanda. Wakubwa watakufundisha kuandaa mkutano wa hadhara, kuchangisha nauli na kupanga mawakala. Liko jambo moja ambalo mimi sikufundishwa na mtu, na nisingependa ulijifunze kwa njia niliyopita mimi: ufanye nini siku mgombea urais anapotangazwa na nusu ya watu wako wanainamisha vichwa.

Mwaka 2015 nilikuwa katibu wa tawi moja la CHADEMA jimbo la Nyamagana, Mwanza. Wewe huenda ulikuwa bado shule ya msingi, kwa hiyo nikukumbushe. Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga kule Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura. Wengi wetu tuliingia kwenye siasa kupitia orodha ile. Tuliisambaza nakala kwa nakala, kijiwe kwa kijiwe, na mwaka 2010 tukatwaa Nyamagana na Ilemela, majimbo yote mawili ya jiji letu.

Halafu ikaja Julai 2015. CCM ikakata jina la Lowassa kwenye mchujo wa wagombea urais kule Dodoma, na tarehe 28 mwezi huohuo akapokewa kwetu, akawa mgombea wa UKAWA, yaani vyama vinne vilivyoungana. Wiki iliyofuata Profesa Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, kimojawapo cha vyama hivyo vinne. Tarehe 1 Septemba Dk. Slaa, katibu mkuu wetu, akatangaza kuachana na siasa za vyama.

Kosa langu nililifanya mapema. Niliitisha kikao cha dharura, nikasimama, nikasema uamuzi umeshatoka, asiyeutaka arudishe kadi. Nilidhani huo ndio uongozi. Kadi saba ziliwekwa mezani. Moja ilikuwa ya mweka hazina wetu, mama lishe aliyekuwa akitupikia wakati wa kampeni bila kudai senti. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimeingia nyumba ngapi na ile orodha? Wale watu nitawatazama usoni nikiwa na maneno gani?"

Sikuwa na jibu. Nikajibu kwa ukali, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Swali lake ndilo lilipaswa kuwa ajenda. Siku yako ikifika, usianze kwa kutangaza msimamo. Kaa nao kwanza, hata usiku kucha, kila mmoja aseme anachokiogopa, na uandike. Kisha maswali hayo yapelekeni kata, jimbo, mpaka yamfikie mgombea mwenyewe ayajibu kwa kinywa chake. Mtu anayeomba mgongo wenu kupandia ana deni la maelezo kwenu. Sisi tulimdai marehemu Lowassa maelezo kidogo mno, tukabaki kumtungia majibu sisi wenyewe mitaani, kila mtu la kwake.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba waliomuunga mkono walikuwa wamenunuliwa. Wengi walipiga hesabu kwa nia njema. Mwaka 2010 Dk. Slaa alipata takriban asilimia 27. Mwaka 2015 Lowassa alipata karibu asilimia 40, kura zaidi ya milioni 6, kiwango ambacho mgombea yeyote wa upinzani hakuwa amewahi kukifikia tangu vyama vingi virudi. Kijana aliyeniambia "Kaka, bila mtu mwenye mtandao ndani ya CCM hatutoboi" alikuwa na hoja, na mama naye alikuwa na hoja. Tulipoteza siku nyingi tukiitana wasaliti na waliohongwa. Kamwe usiruhusu maneno hayo mawili ndani ya kikao chako. Uchaguzi ni siku moja. Neno "msaliti" mtu hulala nalo miaka.

Jambo la kufanya kwa vitendo ni kugawa kazi. Asiyeweza kumnadi mgombea urais huenda anampenda sana diwani wenu, basi mwache amwombee kura diwani, na asiulizwe la ziada. Nililigundua hili mwishoni mwa Septemba, nikawafuata wale saba majumbani. Watatu walirudi kwa masharti hayo, na mmoja wao akawa wakala shupavu kuliko wote tuliokuwa nao. Mama hakurudi.

Na hao wanaohama pamoja na mgombea? Wapokee vizuri, wape viti vya mbele, wape kazi hata za heshima. Daftari la wanachama usiwape. Walikuja na magari na fulana mpya, tukaanza kuwaona watu wetu wa zamani, wale wa kutembea kwa miguu, kama wamepitwa na wakati. Oktoba 25 tulipoteza Nyamagana, na Ilemela vilevile. Sidai kwamba ni mgawanyiko peke yake uliotuangusha. Ila naijua mitaa ambayo hatukugonga mlango hata mmoja, maana waliozoea kuigonga walikuwa wamekaa nyumbani.

Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa alirudi CCM. Waliomfuata kwenye tawi letu walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja kitambo, kimyakimya. Wiki hiyo nilikwenda kibandani kwa mama, nikala wali na dagaa, nikamwomba radhi. Kadi yake nilikuwa nimeitunza miaka yote kati ya kurasa za michango. Niliiweka mezani kando ya sahani. Hakuigusa.

"Daftari liko kwa nani?" akauliza.

Nikamwambia liko kwangu.

"Kesho lilete, tuone nani bado yupo."

Majina yaliyokuwa bado na watu yalikuwa kumi na tisa. Alianza kuwapigia simu akiwa anakoroga chai.