Kisukari na Neva za Ini Baada ya Upasuaji

SWALI: Daktari, ami yangu, mkazi wa Shela hapa Malindi, ana kisukari cha miaka mingi na hujidunga insulini pamoja na kumeza metformini. Miezi michache iliyopita alikatwa sehemu ya ini kwa sababu ya uvimbe. Tuliambiwa ini hukua tena. Je, neva zake nazo hukua, au kisukari kitazizuia? Ngozi iliyo karibu na kovu bado imekufa ganzi. (Bi. Z., Malindi)

JIBU: Bi. Z., mpe ami pole zangu. Nyama ya ini hurejea upesi: panya aliyeondolewa theluthi mbili za ini huurudisha uzito wake kwa siku 7 hadi 10 hivi, na kwa binadamu ni wiki kadhaa hadi miezi. Neva, ambazo huingia katika lango la ini zikiandamana na mishipa ya damu, yaani ateri na vena ya lango, haziendi kwa kasi hiyo. Neva ya mwili ikikatwa, nyuzi zake husonga takriban milimita 1 kwa siku hata kwa mtu asiye na kisukari.

Kisukari huupunguza mwendo huo. Vishipa vidogo vinavyolisha neva hudhoofika, seli za Schwann, ambazo ndizo zinazouongoza uzi mpya, huharibiwa na sukari iliyozidi, na seli za kinga huchelewa kuondoa mabaki ya uzi uliokufa. Sehemu kubwa ya elimu hii, hata hivyo, imetokana na neva za miguu ya wanyama, na ini la panya halina nyuzi nyingi kati ya seli zake kama letu, kwa hiyo nisingemkadiria ami kwa tarakimu za panya.

Hilo lisiwatie hofu kupita kiasi. Ini la kupandikizwa hukatwa neva zake zote na bado hufanya kazi, na kwa ami kipande kilichobaki kwa kawaida huwa kimebaki na neva zake za langoni.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni sukari kushuka. Ini dogo lina akiba ndogo ya glukosi, insulini inaendelea kuishusha sukari, na kisukari cha muda mrefu kinaweza kuwa kimeharibu neva zinazoleta jasho na mapigo ya haraka ya moyo, hata mgonjwa asipate onyo lolote. Apimwe sukari mara nyingi zaidi, usiku pia. Ikiwa chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli, apewe gramu 15 hivi za sukari majini, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali. Na Ramadhani asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, hata akisema daku lake ni zito, maana wazee wetu ni wagumu kwa jambo hili.

Ganzi ya kovuni ni ya neva za ngozi zilizokatwa kwa kisu, si za ini; huweza kupungua kwa miezi mingi, na pengine sehemu yake isiondoke. Ikiwa na nyayo zimekufa ganzi, aombe apimwe vitamini B12, kwani metformini ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kuipunguza, na upungufu huo unatibika.