"Sista, gia boksi imekufa": gari langu jipya na mlima wa Isamilo

Kwanza tuelewane neno "jipya". Kwetu gari jipya ni lile ambalo halijawahi kuendeshwa Tanzania. Langu lilitengenezwa 2013, likatembea kilomita 81,000 huko Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam na mimi nikawa wa kwanza kulifunga namba za hapa. Viti vilikuwa bado na plastiki. Nilizunguka nayo mwezi mzima sitaki kuitoa, na gari likaanza kunikataa mlimani kabla plastiki yenyewe haijachakaa.

Mimi ni muuguzi, naishi Isamilo. Anayeijua Mwanza anajua maana yake: nyumba zimepandana juu ya mawe, na ukitoka barabara kubwa kwenda kwangu kuna kipande ambacho hata bodaboda wanakiheshimu. Siku ya kwanza ilikuwa alasiri, nimetoka zamu ya asubuhi, nyuma kuna kreti mbili za soda na mdogo wangu. Katikati ya mlima nakanyaga mafuta, injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, gari linatambaa. Nikaongeza. Injini ikalia zaidi, gari likazidi kutambaa. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. Mshale wa joto la injini uko palepale katikati.

Kesho yake asubuhi nikampelekea fundi. Likapanda kila kilima alichokichagua kama halikuwahi kunifanyia kitu. "Mbona linaenda, sista?" Nikaonekana mimi ndiye sijui kuendesha.

Nisimulie kidogo hiyo gia boksi ni ya namna gani, maana ningelijua hili mapema ningeokoa hela. Magari mengi madogo ya oto yanayokuja siku hizi yana gia boksi ya CVT. Humo ndani hakuna gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka, na gari linabadili mwendo bila ule mshtuko wa gia kuingia. Kinachozifanya puli ziubane mkanda ni mgandamizo wa oili. Kwa hiyo oili humo haikuwekwa kulainisha tu, ndiyo mkono unaoshika. Oili ikichoka, ikipungua, ikiwa ya aina nyingine au ikipata joto kupita kiasi, mkono unalegea. Na magari mengi yana kompyuta inayolitambua joto hilo na kupunguza nguvu makusudi ili gia boksi isijiue. Dereva anachoona ni injini inayolia na gari lisiloenda.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na kusafisha njia ya hewa. Shilingi 85,000. Simlaumu sana, maana nilimwambia "gari halina nguvu", naye akatibu nguvu.

Wa pili ndiye aliyeniumiza. Alisema haidroliki, yaani oili ya gia boksi, imepungua, akachukua kopo la ile nyekundu inayouzwa kila duka la spea na kuongeza bila kumwaga iliyokuwemo. Nilisimama pale nikiangalia, nikashukuru, nikalipa. Wiki hiyohiyo gari likaongeza ugonjwa: nikianza kuondoka kwenye taa linatetemeka kama lori la mchanga.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Oili ya CVT si oili ya gia boksi ya oto ya kawaida, na hata za CVT zenyewe hazifanani. Toyota wana T-IV na WS kwa oto za kawaida, halafu wana TC na FE kwa CVT. Nissan wana NS-2 na NS-3. Honda wana HMMF na HCF-2. Majina haya yameandikwa kwenye kitabu cha gari, na wakati mwingine kwenye kijiti cha kupimia kama kipo. Kitabu changu kilikuwa cha Kijapani kitupu, lakini herufi na namba za oili huandikwa hivihivi kama zetu. Mengine simu ilinitafsiria kwa picha. Dakika kumi. Ningezitumia kabla ya kulipia kopo jekundu.

Wa tatu hata hakufungua boneti. Alisikiliza, akatikisa kichwa: "Sista, gia boksi imekufa. Hizi sivitii hazitengenezwi. Kuna moja ya mtumba imeshuka jana, milioni moja na laki tisa, na kufunga nitakuangalizia." Niliondoka na hesabu kichwani ya mkopo gani nianze kuuomba.

Usiku huo niko wodini najaza chati ya joto la mgonjwa, nikajicheka. Mgonjwa akija na homa inayokuja na kuondoka, sisi hatumuulizi tu "unaumwa nini". Tunaandika saa, joto, amekula nini, amepewa nini. Gari langu lilikuwa na homa ya vipindi na watu watatu walikuwa wamelitajia dawa bila hata mmoja kuandika chochote. Nikachukua daftari la kurasa 48.

Nanakili mistari michache kama ilivyo:

Jumatatu, saa 2:20 asubuhi, natoka zamu ya usiku. Peke yangu. Limepanda safi.

Jumanne, saa 10:05 jioni, foleni kutoka Mabatini, AC imewashwa. Limekataa nusu ya mlima. Nimezima, nimesubiri dakika 20, limepanda.

Alhamisi, saa 10:30 jioni, mvua imekatika sasa hivi, AC imezimwa. Limepanda. Limetetemeka mwanzoni tu.

Ijumaa, saa 9:50 alasiri, jua kali, foleni, watu wanne. Limekataa mapema kuliko Jumanne.

Siku kumi na moja za namna hiyo. Mlima ni uleule, dereva ni yuleyule. Asubuhi halikukataa hata mara moja. Huhitaji kuwa fundi kuona kwamba tatizo linafuata joto.

Daftari hilo nikampelekea mzee mmoja wa Nyakato ambaye dereva wa daladala alinielekeza. Alivaa miwani akasoma ukurasa mzima, jambo ambalo bado linanifurahisha. Akauliza, "Mayu, hizo dakika ishirini uliziacha na injini ikiunguruma au ulizima?" Nikasema nilizima. Akakataa kulipima asubuhi ile. "Asubuhi halitaniambia kitu. Njoo saa tisa, tupite nalo kwenye foleni, halafu unipandishe huko kwako."

Tukafanya hivyo, yeye ameshika mashine ya kupimia mapajani, mimi naendesha. Mashine za kusoma namba za hitilafu za injini ziko nyingi mjini, ila yake ilikuwa inasoma na joto la oili ya gia boksi. Tulipofika kile kipande changu, namba ikapita nyuzi 120 huku mshale wa joto la injini kwenye dashibodi umetulia katikati kama kawaida yake. Mshale ule hauonyeshi gia boksi. Miezi miwili nilikuwa nauamini.

Akafungua sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya gia boksi. Hapa ningependa ungekuwepo. Ndani kuna sumaku ndogo za kukamata chuma kinacholika. Alizitoa, akapaka kilichoganda juu yake kati ya kidole gumba na cha shahada. Kulikuwa na uji mweusi, laini kama wanja. "Huu ni umri," akasema. "Ningekuta vipande vinavyochoma kidole, ningekuambia ukatafute hiyo milioni moja na laki tisa." Oili yenyewe ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na ilinuka kuungua.

Aliweka oili sahihi niliyoinunua mwenyewe, kopo limefungwa. Ukimwaga, nusu hivi hubaki ndani ya gia boksi, kwa hiyo alirudia tena baada ya wiki ili kuisukuma ile nyekundu itoke. Kipimo nacho hakichukuliwi ovyo. Gia boksi nyingi za sasa hazina kijiti, zina nati ya pembeni ambayo oili hufurika kwayo, na hupimwa oili ikiwa na joto maalumu. Kwa gari langu joto hilo linatakiwa liwe kati ya nyuzi 35 na 45. Ukipimia ikiwa imechemka, utadhani imejaa kumbe imepungua.

Siku tisa gari likawa gari. Siku ya kumi likakataa tena.

Nakiri nilitaka kwenda Nyakato kugomba. Badala yake nikafungua daftari, na hapo nikaona: siku moja kabla nilikuwa nimetoka Musoma kumwona mama, nimepita Bunda na Lamadi jioni. Wanaokaa kando ya ziwa wanajua jioni hiyo inavyokuwa. Vile vidudu vya ziwani vinapaa kama moshi, vinafunika taa, kioo unakifuta mpaka maji yanaisha. Kioo nilikiosha. Ya nyuma ya bampa nani anayaona?

Mzee akatoa bampa la mbele. Kuna kijirejeta kidogo pale, hakizidi urefu wa kiganja na nusu, kazi yake ni kupoza oili ya gia boksi tu. Kilikuwa kimezibwa na vidudu vilivyogandamana na vumbi hadi vikawa kama kipande cha mkeka. Alipokikwangua kwa brashi, harufu ya dagaa wasiokauka ikajaa gereji. Na chini ya tabaka hilo kulikuwa na jingine, kavu, la majani membamba ambayo si ya huku. Gari lilikuwa limekuja nayo kutoka kwao. Maana yake siku nilipolipia, kijirejeta kilikuwa kimeshazibwa nusu. Ziwa lilimalizia.

Kukisafisha ilikuwa shilingi 30,000. Katika risiti zote nilizonazo, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.

Kwa hiyo ukiwa na gari la oto na unakaa kando ya ziwa hili, kuanzia Mwanza hadi Bukoba au Musoma, osha uso wa gari kwa ndani pia. Maji ya kawaida ya bomba, yakitokea upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Usiwaache vijana wa kuoshea magari walenge mashine ya presha pale, yale mapezi ya rejeta ni laini, yanalala na hewa haipiti tena.

Kama bado hujanunua, jaribio la kuzunguka yadi mara mbili ni mapambo. Dar es Salaam sehemu kubwa ni tambarare, na yadi inakupa gari lililolala usiku kucha. Omba dakika arobaini, AC iwake, pitia kwenye foleni, halafu tafuta mlima, upande, usimame katikati, uondoke tena. Rudi nyuma ukipandisha pia. Muuzaji akigoma, hiyo nayo ni taarifa.

Mimi niliwapigia walioniuzia. Jibu lilikuwa "ukishavuka geti ni lako", na kweli nilikuwa nimesaini karatasi yenye maneno "kama lilivyo". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara bidhaa anaitaka kwa kazi gani na kutegemea ujuzi wake, lakini ulinzi huo mnaweza kuuondoa wenyewe kwa makubaliano. Nilikuwa nimeuondoa kwa kalamu ya kukopa. Soma kabla ya kusaini.

Na wewe mwenye gari jipya kwelikweli, lenye dhamana ya muuzaji, usimruhusu fundi wa mtaani aguse gia boksi hata kwa nia njema, utampa muuzaji sababu ya kukukana. Kila unapolirudisha dai karatasi inayoandika tarehe, kilomita na malalamiko yako kwa maneno yako. Bila karatasi, mara ya tano itahesabiwa kuwa ya kwanza. Na wakikuambia "hatujaona tatizo", waulize walilijaribu saa ngapi.

Gari langu sasa lina miezi saba tangu siku ya bampa. Likifika mwendo wa 60 bado lina mlio mwembamba, na mzee anasema huenda ni mkanda ulioumizwa na ile oili nyekundu. Tunausikiliza. Kilomita za kumwaga oili tena nimeziandika kwenye plasta ya hospitali, nimeibandika chini ya boneti.

Juzi nilikutana na yule fundi wa tatu pale Mabatini. Akaniuliza kama nilipata ile gia boksi. Nikamwambia bado. Akasema nisijali, kuna nyingine imeshuka jana.