Sindano ya kupunguza uzito: piga hesabu ya mwaka wa pili kwanza

Wanaoniuliza kuhusu sindano hizi huanza na kilo: zinapungua ngapi? Mimi ningeanza na pesa, tena si pesa ya mwezi wa kwanza. Semaglutaidi, dawa iliyomo kwenye Ozempic (iliyotengenezwa kwa wenye kisukari) na Wegovy (ya uzito), inafanya kazi ukiwa unaitumia. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, waliochoma kwa wiki 68 huku wakibadili ulaji na kufanya mazoezi walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliofuatiliwa baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo muulize daktari siku ileile ya kwanza: nitachoma hadi lini, na nikiacha tunafanyaje? Wangu aliniambia niihesabu kama ninavyohesabu vidonge vyangu vya presha. Jibu lilinikata maini, lakini ndilo lililonifanya nipange bajeti kabla ya kununua.

Si kila mnene anaandikiwa. Kwa kawaida ni BMI (uwiano wa uzito na urefu wako) kuanzia 30, au 27 ukiwa na tatizo kama presha au kisukari. Mjamzito haitumii, na anayetafuta mtoto huacha angalau miezi 2 kabla. Kama kwenu kuna historia ya saratani ya tezi ya shingo, sema mapema, maana kuna aina yake ambayo ikiwepo dawa hii hairuhusiwi kabisa. Anayechoma insulini naye aseme, sukari isije ikashuka mno.

Dawa inaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1: tumbo linachelewa kumwaga chakula, na ubongo unapokea taarifa ya kushiba mapema. Kwangu ilikuwa hivi: wali maharage, nikifika nusu sahani mkono unasimama wenyewe. Ile tabia ya kumaliza chakula cha mchana huku nawaza chapati za jioni ikaisha. Ndiyo maana naanza na samaki, yai au maharage, wali baadaye. Ukila kidogo bila protini, misuli nayo inapungua.

Kichefuchefu kipo. Unaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, wiki 4, kisha unapanda taratibu; usimwombe daktari akurushe ngazi. Nachoma Ijumaa jioni ili Jumamosi, tumbo likivurugika, niwe nyumbani. Chipsi na sambusa ndizo zilizonitesa zaidi. Choo kigumu nacho kipo, maji na papai vinasaidia. Lakini maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni si ya kuvumilia. Nenda hospitali, inaweza kuwa kongosho limevimba.

Nunua kwenye famasia iliyosajiliwa, na uombe kuona friji yao. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutaidi bandia, na mimi simwelewi mtu anayenunua sindano ya tumboni kwa mtu wa "njoo inbox". Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda, itupe. Iliyofunguliwa inavumilia wiki kadhaa chini ya nyuzi 30, ila chumba cha Dar mwezi wa pili kinapita hapo, kwa hiyo yangu inakaa frijini muda wote. Umeme ukikatika, sifungui mlango wa friji ovyo.

Jiandae na watu pia. Kwetu ukipungua haraka hupongezwi, unaulizwa kama unaumwa, na kwenye kitchen party wanakupakulia pilau mara mbili kwa huruma. Mama na dada yangu wanajua. Wengine nawaambia daktari ameniwekea masharti ya presha, na hapo sijadanganya mtu.