Stellia au Stealth: zote zimefungwa, ila zinasikika tofauti

Ndugu, umeuliza kati ya Focal Stellia na Dan Clark Audio Stealth ipi ina sauti safi zaidi, maana unataka hedifoni za kufungwa (vikombe vyake vimezibwa kwa nyuma) zisizosumbua walio karibu. Usafi zote mbili zinao. Tofauti ni namna zinavyoupiga muziki.

Stellia ina kiwambo (utando unaotikisika kutoa sauti) cha milimita 40, cha metali ya beriliamu, na mdundo wake una nguvu: ngoma inagonga kweli, besi imejaa, sauti ya mwimbaji ipo karibu nawe. Trebo, yaani sauti za juu, inang'aa, na rekodi mbovu hukaripia sikio.

Stealth, iliyotoka 2021, inatumia kiwambo bapa kinachotikiswa kwa nguvu ya sumaku. Mbele yake kuna kichujio chenye vijitundu vingi kinachotuliza mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kikombe. Hapo ndipo ninapoipenda kupita kiasi! Ule mwangwi wa ndani ya boksi, ugonjwa mkubwa wa hedifoni za kufungwa, karibu haupo. Besi inashuka chini kabisa bila kuvimba, na kila ala unaisikia mahali pake. Kishindo cha Stellia, hata hivyo, haina.

Angalia amplifaya yako pia. Stellia inaimba hata kwa simu. Stealth, licha ya ukinzani mdogo wa omu 23 tu, inadai umeme mwingi.

Kwa kwaya na ala nyingi, ningechukua Stealth. Kama unaishi kwa mdundo, Stellia. Na ukivaa miwani, zijaribu kwanza: mito ya masikio ikiacha mwanya, besi inapotea.